Bega la Kushoto

Mtu akiniambia kwamba kazi ya mikono haimtupi mwenye nayo, huwa namwomba anionyeshe mikono yake. Mara nyingi ni laini. Wanaosifu cherehani pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, ni watu ambao hawajawahi kukaa nyuma yake: mchungaji, mgeni mwenye kofia na kamera, mama mdogo wangu. Mafundi wenyewe hawasifu. Wanainama, wanakanyaga, na ukipita wanakutazama nguo kwanza, uso baadaye, wakitafuta mahali palipochanika.

Siku nilipopelekwa kujifunza nilihesabu mafundi wa kushona kuanzia sokoni hadi kanisani kwetu. Wakati wa kurudi nikahesabu tena, maana hesabu ya kwanza niliitilia shaka. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kumbe wengine walikuwa wamekwenda kula. Barabara moja, vumbi moja, na kila baada ya milango michache cherehani nyeusi chini ya turubai.

"Hawa bote banashonea nani?" nilimwuliza mama mdogo kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Bantu."

"Bantu gani? Bantu njo hawa."

Akaniambia nifunge mdomo.

Kabla ya hapo nilikuwa na kazi yangu, na hakuna aliyenifundisha. Niliuza kaunjika. Kwetu Uvira tunaiita chagua: nguo zilizovaliwa Ulaya, zikachoka, zikafungwa robota, zikatujia. Nilikaa Biwi, pale Lilongwe, na siku za soko nilikwenda Mitundu na mzigo wangu kichwani. Nilikuwa naingiza mkono ndani ya robota huku natazama pembeni, kama mtu anayewaza mambo mengine, na vidole viliniambia lipi ni koti la pamba nzito na lipi ni takataka yenye vifungo. Kisha nilibishana na muuzaji hadi akaniomba niondoke na koti nimwache na amani yake. Ndipo ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wa mjini warudi kambini. Nikarudi. Nilibeba mfuko mmoja na mdomo wangu, na kambini mdomo ni mali ambayo kila mtu anayo.

Mama mdogo alinipa nafasi ya kulala nyuma ya pazia, kisha akanitafutia wokovu. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamefungua atelie ya kushona. Anayemaliza mafunzo anapewa cherehani. Lakini kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na mtu wa kumdhamini, na udhamini wenyewe haukuwa wa kuandika. Jumapili, katikati ya ibada, mdhamini anasimama mbele akiwa amekushika mkono, anatamka kwamba wewe ni mtu wake na hutakimbia, na kanisa zima linaitika amina. Mama mdogo alinishika kama anayemshika kuku wa sadaka.

"Huyu ni damu yangu," akasema. "Hatakimbia."

"Amina," likasema kanisa. Mimi sikuulizwa.

Mkuu wa atelie tulimwita Mama Shefu. Alikuwa mtu wa Bukavu, amesomeshwa na masista, na Kifaransa chake kilitoka mdomoni kikiwa kimepigwa pasi. Sisi wa Uvira na Fizi alitutazama kama watu waliong'olewa shambani asubuhi ile, bado tuna udongo. Siku ya kwanza alishika mkono wa gauni langu, akasugua kitambaa kati ya vidole viwili, akauachia.

"Chagua," akasema.

"Njo kazi nilikuwa ninafanya, Mama Shefu."

"Minasikia harufu. Hapa tunafanya kutire, nguo mupya ya kukata na kushona. Bintu ya bantu bamekufa haiingii kwa meza yangu. Hata kurekebisha hatufanyi."

Nilitaka kumwambia kwamba Wazungu hawafi wote, wengine wananenepa tu. Nikakumbuka lile amina, nikanyamaza.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi tunasali, kila mtu ameweka viganja juu ya mashine yake. Baada ya sala, Mama Shefu anafungua kikapu na kugawa mafungu: vipande vya nguo vilivyokwisha kukatwa, kila fungu limefungwa kwa utepe wa kitambaa chake. Mbele, mgongo, mikono, kola. Sisi tunaunganisha. Yeye anakatia nyumbani kwake, mapema, mlango umefungwa. "Kukata kunataka kimya," alisema, na kwa kuwa atelie haikuwahi kuwa na kimya, tuliona ni haki. Tukajifunza kushona mstari ulionyooka, kutia zipu, kutoboa tundu la kifungo, kupiga pasi ya makaa bila kudondosha jivu. Aliyekosea alipewa wembe afumue, na Mama Shefu alisimama juu yake akimsimulia kwa wenzake.

"Muangalie huyu. Anashona kama anaogopa kitambaa itamuuma."

Nilimchukia, lakini nilijifunza. Tulipofika nusu ya mafunzo mishono yangu ilikuwa imenyooka kuliko ya wote, nami nililijua hilo, kwa sababu niliilinganisha mara mbili, mara ya pili bila upendeleo. Yeye hakusema lolote. Kitu kimoja tu alikiri ninacho. Vifungo na zipu vilipokwisha, alinituma mimi Lilongwe, kwa kibali cha siku moja. "Enda weye," alisema. "Mudomo wako nao ufanye kazi."

Safari hiyo ndiyo iliyoniharibu. Biwi nilikuwa na jirani wa zamani, fundi Mmalawi aliyewahi kufanya kazi Mbeya. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu na alipenda kunikumbusha. Miaka ile ya kaunjika aliniambia kwamba nikijua kushona atanipa oda za sare za shule. Amri ilipotoka nikapanga: yeye anapata wateja mjini, mimi nashonea kambini, hakuna amri inayovunjwa. Huo ndio mpango pekee niliokuwa nao katika maisha yangu yote, nami niliubeba nyuma ya pazia la mama mdogo kama mtu aliyeficha kuku. Nikamkuta anashona kifungo, pini mdomoni.

"Dada wa kaunjika! Ulipotelea wapi?"

"Kambini. Sasa niko fundi."

"Zikomo, asante kwa taarifa. Fundi wa nini?"

Nikamwonyesha mshono wa gauni nililovaa. Akauinamia, akaugeuza ndani nje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanipa gazeti kuukuu na kipande cha chaki.

"Nikatie mkono wa koti."

"Kwa gazeti?"

"Ulidhani nitakupa kitambaa changu?"

Nililiinamia lile gazeti. Nilikuwa nimeshona mikono ya makoti isiyo na idadi. Niliijua kwa kuigusa, nilijua inapokaza kwapani na inapotaka kuvutwa kidogo ili ikae. Lakini yote ilinijia imekwisha kukatwa. Nikachora. Nikafuta kwa kiganja, nikachora tena, nikakata.

Fundi alikiinua kile kitu kwa ncha ya mkasi.

"Hiki ni nini?"

"Mkono."

"Mkono wa nani? Wa kuku?"

Jamaa mwenye meza ya pili akacheka hadi mguu ukamtoka kwenye kanyagio.

"Kwenu nani anakata?" fundi akauliza.

"Shefu wetu."

"Mbele yenu?"

"Nyumbani kwake."

Naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia vizuri.

"Huyo mama ana akili, dada. Mtamaliza, mtapewa cherehani, kila mmoja atakwenda kwake. Mteja wa kwanza akileta kitambaa, mtakipeleka wapi kikakatwe?"

Nilirudi Dzaleka na vifungo vyangu, na barabara nzima nilikuwa nawaona wenzangu na cherehani zao mpya, wakipanga foleni mlangoni kwa Mama Shefu na vitambaa vya wateja mikononi, kila mmoja akimwachia kidogo, kila wiki, hadi uzee. Kama mfanyabiashara nilimvulia kofia. Kama mwanafunzi nilitaka kumvua wigi.

Asubuhi yake, baada ya sala, kabla hajafungua kikapu, nikaweka vifungo mezani.

"Mama Shefu, leo utukatie hapa. Tuone."

Atelie nzima ikaacha soga. Ndipo kwa mara ya kwanza nikausikia ule ukimya alioutaka.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Tumefika katikati. Hapa hakuna mwenye anajua kukata hata leso."

"Weye ulikuja hapa unanuka robota, haujue kutia uzi kwa sindano. Sasa unataka mukasi?"

"Ninataka kazi yote. Haiko nusu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, polepole, ili nipate muda wa kuogopa.

"Sikiliza, mutoto wa chagua. Pale Bukavu nilikuwa na atelie ya milango miwili. Nilifundisha basichana kukata. Bote. Nilikuwa na roho muzuri, kama vile unataka. Mumoja akafungua ngambo ya barabara, akachukua bateja, akachukua mpaka jina ya atelie. Hapa kambi iko na barabara moja. Nikibafundisha bote, kesho kuko meza zenu zote mbele ya mulango yangu. Nitakula nini? Zaburi?"

Mmoja wa wenzangu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Basi ungetuambia mbele," nikasema. "Kwa kanisa. Siku ile ya amina."

"Mulango iko wazi. Mama yako mudogo alisema hautakimbia. Kimbia, tuone sura yake."

Hapo alinishika penye mshono. Jioni nilimweleza mama mdogo kila kitu. Alikuwa anakoroga nsima, ugali wa huku, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kukoroga.

"Ninataka kutoka," nikasema. "Nirudie kuuza. Ile kazi ninaijua."

"Utauzia wapi? Mujini hauruhusiwe, huku mpaka batoto banauza. Utoke, halafu?"

"Ile cherehani haitanisaidia kitu."

"Cherehani haiko yako tu! Nilisimama mbele ya bantu. Ukitoka, minatoka kwa kikundi, na pazia yangu nitaitundika fasi ingine. Umesikia?"

Nilisikia. Nikabaki, ila kuanzia siku ile sikuwa mwanafunzi tena. Nilikuwa mtu anayetafuta mahali pa kuibia elimu.

Na mahali penyewe nilipajua. Nguo zote duniani ziliwahi kukatwa na mtu. Nikaenda kwa wauza kaunjika wa sokoni, nikachagua koti moja la kijivu, la fundi aliyejua kazi yake huko kwao. Nikalibishania hadi muuzaji akasema mimi ni adhabu. Nikalipeleka nyuma ya pazia, nikalifumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, hadi likawa vipande sakafuni. Nikakunjua mifuko ya saruji, nikavilaza vipande juu ya karatasi yake, nikavichora kimoja kimoja kwa mkaa. Mgongo. Mbele. Mkono wa juu, mkono wa chini. Kola. Vyote vile ambavyo Mama Shefu alivifungia mlango vilikuwa vimelala miguuni pangu, na mwenyewe hajui. Nilicheka peke yangu. Mama mdogo akauliza kama nimechanganyikiwa.

Mumewe alikuwa shemasi. Makanisa yetu yalikuwa yajumuike Lilongwe, wajumbe wapewe kibali cha kwenda, naye alichaguliwa kusoma salamu za kambi. Alikuwa na kitambaa cha bluu alichokitunza tangu zamani kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Baba mudogo," nikamwambia, "nipatie mimi."

"Unajua koti?"

"Ninajua."

Mama mdogo alinitazama kwa jicho la mtu anayehesabu vyombo vyake. "Ukiharibu hii kitambaa," akasema, "usinitafute."

Basi kila kitu kilikuwa juu ya lile koti. Likitoka vizuri, nimeshika kazi nzima mkononi, na nikimwacha Mama Shefu hata mama mdogo atanyoosha shingo. Likiharibika, nimekosa kazi, cherehani na pazia kwa mpigo. Nilimpima shemasi mduara wa kifua, nikaona analingana na yule Mzungu mwenye koti la kijivu. Nikakata kwa kufuata karatasi zangu. Nilikodi mashine kwa jirani, nikashona, nikatia sponji mabegani, nikapiga pasi. Lilining'inia ukutani limenyooka kama askari.

Jumapili shemasi akalivaa. Alipolivaa tu nikaona kitu, nikajiambia ni mwanga unanidanganya. Alipotembea kuelekea mbele ya kanisa nikajua si mwanga. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Si sana, kiasi cha mtu aliyebeba ndoo. Alivuta kola, ikarudi. Akasimama kusoma Neno, na kanisa zima, bila kujua linafanya nini, likaanza kuinamisha vichwa kidogo upande wa kushoto.

Mwenyewe alikuwa anang'aa. Hakuwahi kushonewa koti maishani mwake.

Mama Shefu alikaa na kwaya. Niliona alivyolitazama lile koti, na alivyoacha kuimba. Nje, baada ya ibada, alipita katikati ya watu, akamsalimia shemasi kwa heshima zote, kisha akashika bega kama anapangusa vumbi, akavuta, akaachia.

"Nani amekukatia?"

"Mutoto wetu!" akasema shemasi. "Mwanafunzi wako, Mama Shefu! Mungu akubariki."

Mama Shefu akanivuta hadi nyuma ya choo cha kanisa.

"Ulifumua chagua."

"Ndiyo."

"Ukachora juu ya makaratasi, pande zote mbili."

"Ndiyo."

"Mwenye ile koti alikuwa na bega chini. Pengine alizaliwa vile, pengine ilikuwa vita, Mungu anajua. Fundi wake alimukatia vile alikuwa, ili bantu basione. Sasa weye umemuvalisha shemasi mwili ya Muzungu." Alisema hivyo bila kupaza sauti, na kila neno lilikaa mahali pake kama pini. "Ulipima koti. Haukupima muntu."

Nilikuwa naona mfuko wangu umewekwa nje ya mlango. Nilikuwa naona robota, jua la Mitundu, na polisi barabarani. Nikafikiri: rudi tu kwenye kuuza, mama, hata kama ni kuuza nyanya; huku kote ni kuchezewa.

"Alete kesho," Mama Shefu akasema. "Nitatengeneza. Nitapeleka nyumbani, nitarudisha juma hili hili."

Ni neno "nyumbani" lililoniamsha. Miaka ya sokoni ilinifundisha kitu kimoja: mtu anayeharakisha bei ana sababu. Huyu mwanamke hakuwa na huruma ya kunigawia. Kwa nini atengeneze bure nguo ya mtu anayemchukia? Nikageuka, nikamwona shemasi uani, watu wamemzunguka, anawaambia kwa sauti jina la atelie.

"Hapana," nikasema. "Iko muzuri tu. Baba mudogo anaipenda."

"Iko muzuri? Weye uko kipofu?"

"Ataivaa Lilongwe. Atasimama mbele ya makanisa yote asome salamu. Bakimuuliza nani ameshona, atasema mwanafunzi wa Mama Shefu. Haiko bongo, ni kweli tupu."

Akaelewa. Aliivuta hewa kwa pua, akaiweka. Chini ya ule ukuta tulitazamana kama watu wawili walioshika ncha mbili za kitenge kimoja.

"Unataka nini?"

"Ukate kwa meza. Atelie. Mbele yetu sote."

"Nitakuonyesha weye peke yako. Kwangu. Halafu unabaki kunisaidia, na kinywa unafunga."

Ilikuwa bei nzuri. Nitasema kweli, niliipima, nikaipima tena. Ningejua kukata, ningekuwa mkono wake wa kulia, na wenzangu wangebaki kupanga foleni, safari hii mbele ya milango miwili. Ila niliuona mwisho wa mkataba huo: mtu anayefundishwa kwa siri anakuwa mfungwa wa aliyemfundisha, na kifungo hicho hakina tarehe.

"Mbele yetu sote," nikasema. "Ao Lilongwe."

Aliniita jina ambalo masista hawakumfundisha.

Jumatatu, baada ya sala, alitandika koti mezani. Mikono yake ilikuwa mikavu, na alifanya kazi kwa hasira, haraka haraka, akitumaini hatutaona. Tuliona. Tulizunguka meza kama nzi. Alifumua mikono yote miwili, akafungua mabega, akalilaza koti wazi. Mimi nilitegemea atalipandisha lile la kushoto.

"Kitambaa yenye imekatwa hairudi," alisema, bila kumtazama mtu. "Bega ya juu njo inashuka. Mutashusha ya kuume, halafu yote mbili munainua na sponji."

Akamwita shemasi asimame bila shati la juu, akampima bega kwa bega, shingo hadi kwapa, akapiga chaki. Kisha mkasi. Nimewahi kumchukia mtu huku namtazama kwa mdomo wazi. Ni hisia mbaya, inachosha. Mkasi ule haukusita hata mara moja. Alipochonga kwapa upya, kale kakipande kembamba ka bluu kalianguka sakafuni, na mmoja wa wenzangu akakaokota, akakaweka kitabuni mwake bila kuficha. Mwingine alikuwa amekwisha kuchora kila kitu kwenye khanga yake kwa chaki.

Koti likakaa. Shemasi alijitazama kwenye kioo, akasema, "Lakini ilikuwa muzuri hata kabla," akaondoka.

Mama Shefu akafunga mkasi.

"Sasa toka," akaniambia. "Usirudi hapa."

Nikatoka. Mama mdogo alinipa siku chache za kuhama, na alizitoa kwa ukali. Ajabu ni kwamba shemasi alinitetea, akisema hajawahi kuonekana vile. Lakini pazia ni la mama, na kikundi ni cha mama, na mama alikuwa amesema hatakimbia kuhusu mtu aliyefukuzwa. Nikahamia kwa mjane mmoja karibu na bomba, nikakaa mlangoni kwake narekebisha kaunjika kwa sindano ya mkono: kubana kiuno, kukunja upindo. Nilikuwa najua bega moja la koti. Suruali sikujua, kola sikujua. Kila siku niliamka nikiamua kuacha hii kazi, na kila siku kabla sijaacha alikuja mtu na kiuno.

Siku moja akaja mmoja wa wenzangu, anatweta.

"Mama Shefu anakuita. Bageni benye banatoa mashini banakuja kesho. Banataka kuona banafunzi bote benye baliandikishwa. Akikosa mumoja, banaanza kuuliza maswali. Anasema uje ukae tu kwa mashini yako, asubuhi moja, ucheke."

"Anasema nipate nini?"

"Anasema atakusamehe."

"Musamaha sile. Mwambie suruali. Akate suruali, mbele ya bantu bote, kuanzia mwanzo. Leo, kabla ya bageni. Halafu kesho nitacheka."

Yule dada alikwenda, akarudi.

"Anasema weye ni shetani."

"Na suruali?"

"Anasema uje."

Nikaenda. Wenzangu walikuwa wamekwisha kusogeza mashine ukutani ili meza ionekane pande zote. Mama Shefu hakunisalimia. Alitandika kitambaa, akakunja mara mbili, akachukua chaki, akanigeuzia mgongo, mgongo mpana wa mtu aliyeshiba dharau, ukaifunika meza yote.

Nikahamisha kiti upande wa pili wa meza.